Lushoto: Kupanda raha, kushuka roho mkononi

Siku hizi ukikaa kijiweni Sinza au Kinondoni nusu saa tu, lazima utamsikia mtu anapanga kwenda Lushoto. Bagamoyo pameshazoeleka. Zanzibar boti na hoteli zinakata mfuko. Kigamboni nako ni kama kwenda kwa shangazi, utakula na jioni utarudi. Lushoto ndiko kwenyewe. Watu wanakwenda na majaketi, wanapiga picha wamejikunyata kama wako Ulaya, wanarudi na peasi na plamu kwenye ndoo, na wote wanakupa maneno yale yale: kuna baridi, kuna kijani, kuna hewa safi. Ukiwauliza barabara je, wanacheka. "Kona kona kidogo," wanakwambia, halafu wanabadilisha mazungumzo.

Mpenzi msomaji, leo mimi nataka kuizungumzia hiyo kona kona kidogo.

Kwa faida ya ambao hawajafika: ukitoka Dar unapita Chalinze, Segera na Korogwe mpaka Mombo, zaidi ya kilomita 300, na njia yote hiyo dereva anaweza kuendesha huku anapiga soga. Mombo ni mji wa joto, mji wa mabasi kusimama, chipsi, mishikaki na watu wanaokimbilia maliwato. Uko kama mita 400 hivi kutoka usawa wa bahari. Hapo unaiacha barabara ya kwenda Moshi, unakata kulia, na mlima unaanza papo hapo bila hata kukupigia hodi. Lushoto yenyewe iko kwenye mita 1,400 hivi. Kati ya Mombo na Lushoto ni kilomita 33 tu. Piga hesabu mwenyewe: ndani ya kilomita 33 gari limebebeshwa watu na mizigo kwenda juu kilomita moja nzima, na sehemu kubwa ya mpando huo imebanwa kabla hujafika Soni, ambayo ni kama nusu ya njia. Lami ipo, lakini nyembamba. Upande mmoja jabali, upande wa pili bonde. Maji unayasikia huko chini, huyaoni.

Kwa taarifa yako, hata Wajerumani walikuwa na tabia hii hii ya kukimbilia huko. Reli yao iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilikuwa imeshafika Mombo kufikia mwaka 1905, na mji wa juu wakaupa jina la mfalme wao Wilhelm, wakauita Wilhelmsthal. Walikuwa wanakimbia joto na mbu. Tofauti yao na sisi ni kwamba wao hawakuchangishana.

MSAFARA WENYEWE

Sisi tulichangishana. Watu wanane, kila mmoja laki moja na ishirini, safari Ijumaa tarehe 30 Juni 2023, kurudi Jumapili. Pesa ilikaa kwa jamaa mmoja tuliyemwita Mwenyekiti (jina lake nalihifadhi, maana bado tunasalimiana). Ni mtu wa watu, mcheshi, mkono wazi, ila ana ugonjwa mmoja: saa. Kila kitu kina saa yake, na ukiichelewesha saa ya Mwenyekiti umemtukana yeye na ukoo wake. Mkewe alikuwa naye, mjamzito wa miezi mitano, mwanamke mpole ambaye tangu Dar mpaka Korogwe nilimsikia akisema maneno yasiyozidi kumi.

Mimi nilipewa kiti cha mbele pembeni ya dereva. Si kwa heshima. Kila mtu anajua mimi nikikaa nyuma kwenye kona natapika, na hakuna aliyetaka kuja kushuhudia.

Gari lilikuwa kipanya cha kukodi, gari la oto, lililoshuka bandarini likiwa limeshatumika na watu wengine kwao huko. Lilikuja na dereva wake, kijana wa miaka ishirini na kitu, mstaarabu, shati limenyooshwa. Kwa safari za harusi za Tabata na misiba ya Mbagala, kijana yule hana mfano. Foleni ya Ubungo anaipenya kama uzi kwenye sindano. Mwenyekiti alipomkodi alimuuliza bei. Akapunguziwa. Wakapeana mikono. Habari za mlima hazikuguswa kabisa, na kijana, ambaye analipwa kwa safari na si kwa mwezi, angeanzaje kusema mwenyewe kwamba mlima hajawahi kuupanda?

Tulifika Mombo jua linazama. Tukala, tukanunua maji, tukaanza kupanda.

Kupanda kwenyewe kulikuwa vituko. Kona ya kwanza watu wakapiga vigelegele. Kona ya pili wakatoa simu. Kona ya tano masikio yakaziba na vigelegele vikapungua. Taa za gari zinamulika mwamba, ukigeuka zinamulika hewa tupu, yaani unaona mwanga unakwenda mbele haugusi kitu chochote. Hapo ndipo utamsikia mtu wa nyuma anaanza kusali kimya kimya, halafu anajifanya anaimba.

Kwenye kona moja tulikutana uso kwa uso na basi linashuka. Dereva wetu alisimama katikati, akaduwaa. Konda wa basi akashuka, akaja dirishani, akamwambia kwa upole kabisa kama anamwelekeza mtoto duka, "Bro, wewe unapanda, njia ni yako. Sogea tu polepole kulia kwako usiogope, mimi nakuangalia tairi." Bonde lilikuwa kulia. Nilifumba macho. Nilipofumbua tulikuwa tumepita, na kijana alikuwa anajipangusa viganja kwenye suruali, mkono mmoja mmoja.

Baadaye nilikuja kujifunza kwamba huko mlimani huo ndio ustaarabu: anayepanda hupewa nafasi, kwa sababu akisimama kwenye mwinuko kuondoka tena ni kazi. Na honi kabla ya kona isiyoonekana wala si ubishi kama huku kwetu. Ni salamu. Ukiipiga na ukajibiwa, unajua kuna mtu.

Lushoto tukaingia usiku, ukungu umeshuka mpaka barabarani, baridi ile ya kuuma vidole. Mke wa Mwenyekiti alishuka akasimama muda mrefu ameshika mlango wa gari. "Umechoka?" nikamuuliza. "Namsikia anacheza," akanijibu.

RAHA ILIKUWEPO, TUSIDANGANYANE

Sio siri, Jumamosi ilikuwa bomba. Tulikwenda Irente, kilomita chache tu kutoka mjini, ambako mlima unakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Unasimama ukingoni, na Mazinde iko kule chini, inakaribia kilomita moja kwenda chini, na mashamba ya mkonge yamejipanga mistari, na barabara kuu ya Moshi unaiona nyembamba kama kamba ya kiatu. Magari yanatembea huyasikii. Wenzangu walipiga picha mpaka simu zikalia njaa. Njiani tulinunua mkate na jibini za pale pale Irente, na mwenzetu mmoja ambaye Dar hujitapa hali jibini kwa sababu "inanuka soksi" alikula peke yake nusu kipande.

Kulikuwa na ubishi kidogo. Wengine walitaka Jumapili asubuhi twende Mtae, huko mwisho kabisa wa milima, ambako wanasema ukisimama unaitazama Mkomazi yote. Mwenyekiti akakataa, saa haziruhusu. Kwa hilo namshukuru mpaka leo, japo sababu yake haikuwa yangu.

Usiku kukawa na nyama, muziki na mtungi wa kutosha. Dereva hakugusa. Alikula, akaenda kulala ndani ya gari, kwenye baridi ile, kwa sababu kwenye bajeti ya Mwenyekiti chumba cha dereva kilikuwa kimesahaulika. Mke wa Mwenyekiti ndiye aliyempelekea blanketi.

JUMAPILI

Mpango ulikuwa kuondoka saa sita mchana. Na watu wanane waliolala alfajiri, wewe mwenyewe unajua. Tuliondoka saa tisa na nusu. Mwenyekiti alikuwa na kikao Jumatatu saa mbili asubuhi, na uso wake ulikuwa umeshaanza kikao hicho. "Dereva, hapa tunatakiwa tufidie muda," alimwambia kabla hata mlango haujafungwa.

Kutoka Lushoto mpaka Soni hakuna kasheshe kubwa. Baada ya Soni, ambapo maporomoko yako kando ya barabara, ndipo mlima unapoanza kukusukuma mgongoni.

Nikiwa pale mbele nilikuwa naiona miguu ya kijana. Mimi mwenyewe naendesha kigari changu mjini, kwa hiyo najua kidogo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya breki. Haukunyanyuka. Gari linataka kukimbia, yeye anakandamiza, linatulia kidogo, linataka tena, anakandamiza. Mkono wa gia uko kwenye D, kama tunatoka Mwenge kwenda Posta. Injini haisikiki kabisa. Ukimya ule ndio ulioniogopesha kuliko kona, maana nilielewa kwamba uzito wote wa gari, watu tisa, mabegi na ndoo za plamu, umeshikiliwa na kitu kimoja tu.

Halafu ikaja harufu. Kama pasi uliyoisahau juu ya nguo.

"Kuna kitu kinaungua," nikasema.

"Ni breki za lori lililopita," akasema mmoja nyuma.

"Hakuna lori lililopita."

"Dada, umeshaanza," Mwenyekiti akaingilia. "Mwache kijana wa watu afanye kazi yake. Utamtia kiwewe bure."

Wakacheka. Muziki ukaongezwa. Nikamwangalia dereva, naye hakucheka. Kona iliyofuata nilimwona anakanyaga mara moja, anaachia, anakanyaga mara ya pili, ya tatu, haraka haraka kama mtu anayejaza upepo kwenye mpira. Akaniinamia bila kutoa macho barabarani, akaninong'oneza, "Dada, inazama."

Mpenzi msomaji, kuna maneno mawili matatu hapa duniani yanayokausha mate. Hilo ni mojawapo.

Sikupiga kelele. Sijui nguvu ile niliitoa wapi. Nilimwambia tu, "Upande wa mlima. Popote." Mbele yetu palikuwa na kipande kilichonyooka kidogo, labda mita mia, kisha kona na zile nguzo fupi za pembeni, na baada ya nguzo anga. Kijana akaanza kuvuta handibreki, si kwa mara moja, kidogo kidogo, gari likaanza kuyumba mkia, akalielekeza kwenye mtaro wa maji. Tairi za ubavu zikatumbukia. Ubavu wa gari ukasugua udongo na mawe kwa mlio ambao nausikia mpaka leo nikisikia mtu anakwangua sufuria. Tukasimama, tumeinama upande kama mashua iliyopwelewa.

Muziki ulikuwa bado unaendelea. Ndipo makelele yakaanza.

"WEE! USIMWAGE!"

Tulitokea milango ya juu, mmoja mmoja, tunavutana. Hakuna aliyeumia zaidi ya mikwaruzo. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanafuka moshi. Mwenyekiti, kwa kutaka kusaidia, akachukua dumu la maji la lita tano, akawa anafungua mfuniko ili ayamwagie.

"Wee! Usimwage!"

Sauti ilitoka juu yetu. Fuso la kabichi lilikuwa limesimama kwenye kona tuliyotoka, taa zinawaka, na mzee mmoja wa kofia ya sufi anashuka bila haraka. Alikuja, akamnyang'anya Mwenyekiti dumu, akaliweka chini. "Chuma cha moto ukikimwagia maji ya baridi kinapasuka. Kikipasuka utashukia nini? Kabichi?"

Utingo wake alikuwa ameshaanza kukata matawi na kuyatandaza barabarani juu na chini yetu, ile alama ya kwetu ambayo kila dereva anaielewa. Mawe mawili yakawekwa mbele ya tairi. Yote hayo yalichukua kama dakika tatu, sisi tumesimama tunashangaa kama wageni kwenye msiba.

Mzee akamgeukia kijana. "Ulikuwa gia gani?"

"Ni oto, mzee."

"Nimekuuliza gia gani."

Kimya. "D."

Mzee akaingiza kichwa dirishani, akaangalia mkono wa gia. "Na hii 2 hapa? Na hii L? Hawa waliotengeneza waliweka urembo?"

Sasa ngoja nikueleze alichotueleza mzee, na mengine niliyoongezewa na fundi, kwa sababu asilimia kubwa ya magari tunayokodi kwa matembezi ni hayo hayo ya oto, na madereva wengi wa mjini wanakufa wakiwa hawajawahi kuigusa hiyo L.

Breki kazi yake ni kusugua. Ukisugua unapata joto. Kwenye tambarare unakanyaga, unasimama, joto linaondoka na upepo. Kwenye mteremko wa kilomita nyingi, ukilaza mguu, joto halipati nafasi ya kuondoka. Linajikusanya kwenye pedi, pedi zinapoteza ukali wake, zinakuwa kama unasugua kioo kwa kiganja. Likizidi linaingia kwenye mafuta ya breki. Mafuta haya mapya ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke mpaka yafike angalau nyuzi 205 za Selsiasi. Lakini yana tabia ya kunyonya unyevu kutoka hewani mwaka hadi mwaka, na yakishanyonya maji, kiwango kinachokubalika kinashuka mpaka nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mapovu. Mafuta hayabonyei, mapovu yanabonyea. Ndiyo maana mguu unazama mpaka chini na gari linaendelea na safari zake.

Dawa yake ni injini. Ukiweka gia ndogo, 2 au L kwa gari la oto, namba moja au mbili kwa gari la gia za mkono, magurudumu yanalazimika kuizungusha injini, na injini inakataa. Gari linanguruma kama limekasirika, lakini halikimbii. Breki unaigusa tu, unaiachia, inapumua. Kanuni ya mzee ilikuwa fupi: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Na lile jambo la kuweka gia fri ili kubana mafuta, ambalo tunalisikia sana kwa masuka wetu wa njia ndefu, mzee alisema hataki hata kulizungumza mbele ya mjamzito.

FUNGUO HIZI HAPA

Vijana wa jirani walitokea kutoka huko mashambani, sijui walitusikiaje, na kwa kushirikiana nao tukalinyanyua gari kutoka mtaroni, huku mawe yakisogezwa hatua kwa hatua. Mzee akachungulia chini ya kila gurudumu kutafuta kama mafuta yanavuja. Hayavuji. Akasema tusubiri. Saa nzima, isipungue.

Dakika ya ishirini Mwenyekiti akaangalia saa.

Dakika ya ishirini na tano akamwita dereva pembeni, lakini pembeni ya mlimani si pembeni, wote tunasikia. "Jaribu kukanyaga uone kama imerudi. Imerudi? Sasa si twende? Tutakwenda polepole. Hawa wazee wana mambo yao. Mimi nina kikao."

Kijana aliangalia chini muda mrefu. Mtu ambaye hajawahi kulipwa kwa siku hawezi kuelewa alikuwa anapima nini pale: hela yake yote ilikuwa bado kwenye mfuko wa Mwenyekiti, na gari ni la mtu mwingine ambaye atauliza kuhusu ule ubavu uliokwanguka. Kisha akatoa funguo mfukoni, akazinyoosha mbele kwenye kiganja.

"Bosi, kama unataka kuwahi, funguo hizi hapa."

Hakuziweka mbele ya Mwenyekiti kwa hasira. Alizinyoosha kama anavyompa mtu chenji. Zikakaa pale kwenye kiganja. Mwenyekiti aliziangalia. Akatuangalia sisi. Nasi, wanaume kwa wanawake, kila mmoja akawa ameona kitu cha maana sana kwenye bonde.

Aliyezungumza ni mkewe, aliyekuwa amekaa juu ya jiwe na mkono tumboni. "Baba, mimi gari hilo sipandi mpaka mzee aseme." Basi. Alisema hivyo tu, na kwa sauti ile ile ya siku zote.

Funguo zikarudi mfukoni kwa dereva. Tukasubiri saa moja na robo. Watoto walikuja kutuuzia peasi, tukanunua zote. Mzee alikaa kwenye ngazi ya Fuso lake, akatuambia kabichi hizo zinasubiriwa sokoni Dar usiku huo huo, na kwamba ameipita barabara hiyo tangu akiwa utingo. Hakusema miaka mingapi. Sikumuuliza.

Ilipofika muda, alikanyaga breki yetu mwenyewe mara kumi au zaidi, akiwa amefumba macho kama daktari anayesikiliza kifua. Imerudi ngumu. Akatoa masharti. Moja, anatangulia yeye, na kipanya kinafuata nyuma bila kumpita hata akisimama kujikuna. Pili, L mpaka aseme. Tatu, mama kijacho anapanda Fuso, kwa sababu mlima huu yeye anaujua na kijana hajaujua bado.

Mke wa Mwenyekiti akasaidiwa kupanda. Ngazi ya Fuso ni ndefu. Mumewe ndiye aliyemshika mkono, na kwa mara ya kwanza tangu Dar nilimwona hana la kusema.

Tulishuka mwendo wa mtu anayetembeza baiskeli. Injini ikanguruma mpaka mwenzetu mmoja akasema itapasuka. "Haipasuki," dereva akajibu, na mguu wake, nilikuwa nauangalia, ulikuwa umesimama hewani, unashuka kugusa, unanyanyuka. Gusa, achia. Gusa, achia. Nyuma hakuna aliyewasha muziki. Mwenyekiti alikuwa amesogea katikati, ameegemeza mikono kwenye migongo ya viti vyetu vya mbele, macho yako kwenye mkia wa lile Fuso. Kila taa zake nyekundu zilipowaka alikuwa anavuta pumzi. Kila kona Fuso lilipopotea mbele yetu, alikuwa haachii pumzi mpaka lionekane tena. Kipande hicho kilituchukua karibu saa nzima, na kwa saa hiyo nzima hakuangalia saa hata mara moja.

Mombo ilitupokea na joto lake. Sijawahi kulipenda joto kiasi kile. Mzee alikataa pesa, akapokea chai na chapati mbili, moja akampa utingo wake, akaondoka na kabichi zake.

KILICHOBAKI

Dereva alikataa kuelekea Dar kabla fundi hajaangalia breki, na safari hii hakuna aliyembishia. Fundi alipatikana saa mbili usiku, karibu na kituo cha mafuta, akafanya kazi kwa taa ya simu. Mafuta ya breki aliyoyatoa yalikuwa meusi kama kahawa ya kijiweni. Pedi za mbele zilikuwa zimeng'aa kama kigae. Akaweka mafuta mapya, akatoa upepo kwenye mabomba, tukachangishana tena. Dar tuliingia alfajiri. Mwenyekiti kikao alikiwahi, na macho mekundu.

Wiki iliyofuata kukawa na kizaazaa kwenye simu, kwenye lile kundi letu la safari. Mwenyekiti aliandika kwamba dereva akatwe nusu ya malipo kwa sababu ya kuchelewa na kukwangua gari. Wengine wakaanza kupiga hesabu. Ujumbe mmoja ukaingia kutoka kwa mkewe, maneno mawili: "Alipwe yote." Akalipwa yote, siku ile ile. (Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, na hapana, hawakumpa jina la mlima.)

Kijana nilionana naye tena mwezi Agosti, kwenye harusi, Tabata, shati limenyooshwa kama kawaida. Gari lilikuwa lile lile, ubavu umepakwa rangi isiyofanana sana. Nilikumbuka kwamba usiku ule Mombo alimwomba fundi yale mafuta machafu, akayatia kwenye chupa ya maji, akayafunga vizuri na kuondoka nayo, akasema anakwenda kumwonyesha mwenye gari. Nikamuuliza mwenye gari alisemaje.

"Aliyaangalia," akanijibu. "Akaniuliza, kwani gari si lilirudi?"